Septemba Ndiyo Mwezi Wako: Mwongozo wa Muhula wa Kwanza katika Chuo cha Marekani

Muhula wa vuli katika vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunguliwa nusu ya pili ya Agosti. Vingine husubiri kwanza ipite Siku ya Wafanyakazi, ambayo kule ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Hufungwa katikati ya Desemba. Ni wiki 15 hivi, mitihani ikiwemo. Kijana aliyetoka Dodoma, Eldoret au Bujumbura akisikia wiki 15 huona muda upo: mwezi mmoja wa kuzoea mji, mwingine wa kukusanya notisi, wa tatu wa kujifungia asome, kisha pepa. Nyumbani mpango huo umewavusha wengi. Kule huwaangusha hata waliokuwa wakiongoza shule nzima, na inauma kumwona mtu mwenye uwezo akiligundua hilo mwezi Novemba.

Tofauti iko mahali uzito ulipolala. Katika vyuo vingi vya Tanzania mtihani wa mwisho hubeba alama 60 kati ya 100, na vingi vya Kenya huupa 70. Kozi ya kawaida ya Marekani inaweza kugawa hivi: kazi za kila wiki 25, testi mbili za katikati 40, kuchangia darasani 10, mtihani wa mwisho 25. Septemba ikiisha, sehemu ya matokeo yako imekwisha kupatikana au kupotea. Na si masomo tu. Ajira za chuoni, timu za michezo, vikundi, marafiki wa bwenini, vyote hugawanywa katika wiki sita za mwanzo. Ndiyo maana mwongozo huu umeegemea Septemba, na miezi mingine nitaigusa kwa ufupi zaidi.

Wiki ya kwanza

Ukiwa na viza ya F-1 unaruhusiwa kuingia nchini siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, si mapema zaidi. Tumia siku hizo. Aliyefika wiki nzima kabla ya masomo atapata usingizi wake, laini ya simu, akaunti ya benki na njia za basi. Aliyetua usiku wa kuamkia darasa atavitafuta vyote hivyo huku kazi za nyumbani zikimwandama. Hatua ya kwanza kabisa ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wao ndio wanaoithibitishia serikali, kupitia mfumo wa SEVIS, kwamba umefika na umejisajili. Ukihama chumba au nyumba, wape anwani mpya ndani ya siku 10.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima asome angalau krediti 12 kila muhula ili viza yake iendelee kuwa halali. Kozi ikikushinda, kuna dirisha fupi la kubadilisha, kwa kawaida wiki moja au mbili za mwanzo, ambapo unaiacha bila doa lolote kwenye rekodi. Baadaye unaweza bado kujitoa, lakini herufi W itabaki kwenye matokeo. Kwa vyovyote vile, usibonyeze kitufe cha kuacha kozi kabla hujaongea na ofisi hiyo, hata kama mshauri wako wa masomo amekubali. Mshauri anajua kozi. Mambo ya viza si kazi yake.

Siku ya kwanza ya kila somo profesa huweka muhtasari wa kozi kwenye mtandao. Usiuone kama orodha ya mada za kupitiwa. Ule ni mkataba: tarehe ya kila kazi, uzito wake, alama zinazokatwa kwa kuchelewa, mara ngapi unaruhusiwa kukosa darasa, na kama unaweza kutumia programu za akili unde au la. Masharti hayo hutofautiana kutoka profesa mmoja hadi mwingine, kwa hiyo usikisie la huyu kwa kumtazama yule. Jioni hiyohiyo hamishia tarehe zote za kozi zote kwenye kalenda moja ya simu. Angalia mpangilio: Mmarekani hutanguliza mwezi, hivyo 10/3 ni tarehe 3 Oktoba. Kazi nyingi hufungwa 11:59 usiku, yaani dakika moja kabla ya saa sita, na anayefunga ni kompyuta, haina huruma ya dakika mbili.

Hakuna CR, yaani mwakilishi wa darasa, wa kukukumbusha kwenye kundi la WhatsApp. Matangazo yote huja kwa barua pepe ya chuo. Isome asubuhi na jioni. Na hakuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukifeli kozi unairudia yote, na ada yake unailipa tena.

Mlango wa profesa

Kama ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu: kabla Septemba haijaisha, uwe umeingia ofisini kwa kila profesa wako walau mara moja. Kila profesa hutangaza saa maalumu za wiki ambazo hukaa ofisini akisubiri wanafunzi. Zimeandikwa kwenye muhtasari wa kozi. Huhitaji ahadi wala barua, unabisha hodi tu. Wanafunzi wetu wengi hawaendi, kwa sababu malezi yametufundisha kutomsumbua mwalimu, na nyumbani anayeitwa ofisini kwa mhadhiri huwa ana kesi. Kule anayekwenda ni mwanafunzi makini, na profesa aliyekaa saa mbili bila kutembelewa na mtu atafurahi kukuona.

Nenda na kitu mkononi. Usiseme "sielewi", sema "nimefika hatua hii ya swali la nne, hapa ndipo nilipokwama". Jitambulishe, mtajie unakotoka, na kama lafudhi yake inakutatiza au yako inamtatiza, mwambie waziwazi ili nyote wawili mpunguze kasi. Mwite "Profesa" pamoja na jina la ukoo mpaka yeye mwenyewe akuambie vingine. Miezi michache baadaye utahitaji mtu wa kukuandikia barua ya utambulisho kwa ajili ya udhamini au mafunzo ya kazi, na hataweza kuandika lolote la maana kuhusu sura aliyoiona kwenye safu ya nyuma tu.

Darasani pia utahitaji kuinua mkono. Alama za kuchangia si zawadi ya wenye kelele. Andaa swali moja usiku, liandike, na ulitoe ndani ya dakika ishirini za mwanzo kabla woga haujakomaa. Kiingereza chako kinatosha. Wenzako wanatoka majimbo yenye lafudhi zinazotofautiana, na profesa wako huenda mwenyewe alizaliwa Uchina au Nigeria.

Kwa insha, karibu kila chuo kina kituo cha uandishi, na huduma yake kwa kawaida ni ya bure. Wapelekee rasimu siku kadhaa kabla ya tarehe. Kunakili maneno ya mtu bila kumtaja, hata sentensi mbili, huhesabiwa wizi na huweza kukufukuzisha chuo. Usipojua namna ya kunukuu, waulize watu wa kituo hicho au wakutubi kabla hujawasilisha.

Kazi na pesa

Sheria inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Nje ya chuo, mwaka wa kwanza, hapana. Hata kuosha vyombo kwenye mgahawa wa ndugu yako kwa malipo ya mkononi ni kosa linaloweza kukupotezea viza. Nafasi za ndani ziko kumbi za chakula, maktaba, vituo vya mazoezi na ofisi za idara, na hutolewa mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Kumbi za chakula ndizo zinazoajiri haraka zaidi. Ukipata kazi, mwajiri na ofisi ya wanafunzi wa kigeni watakupa barua, nawe utakwenda nazo kuomba namba ya Social Security. Hati yako ya mshahara ikitoka, itazame: mwanafunzi wa F-1 katika miaka yake mitano ya mwanzo kwa kawaida hakatwi kodi za Social Security na Medicare. Ukiona zimekatwa, ulizia.

Vitabu ni ghali mno, na kuvinunua vyote vipya ni kujiumiza. Subiri darasa la kwanza uone kipi kinahitajika kweli. Maktaba huweka nakala ya kuazima kwa saa chache; vingine hukodishwa kwa muhula; toleo la nyuma mara nyingi linatosha, lakini muulize profesa kwanza.

Bima ya afya utatakiwa uwe nayo. Ukiugua, anzia zahanati ya chuo. Chumba cha dharura cha hospitali ni cha dharura kweli, na bili yake huweza kukushtua hata ukiwa na bima. Kwa hatari ya maisha, piga 911.

Kuhusu nyumbani: ndugu watadhani dola zimeanza kumwagika. Waeleze mapema kwamba ni saa 20 tu kwa wiki, na uwaambie kabla hawajaomba. Waeleze na jambo la pili. Kwa sheria ya mwaka 1974 inayolinda rekodi za wanafunzi, matokeo yako ni yako, na kwa mwanafunzi wa chuo kikuu wazazi hawapelekewi bila idhini yake. Mama aliyeuza ng'ombe kukulipia tiketi hatajua unaendeleaje mpaka umwambie wewe. Mpigie Oktoba, testi za katikati zikirudi, hata kama hazikwenda vizuri.

Vikundi, na Jumamosi

Katika wiki mbili za mwanzo hufanyika siku ya maonyesho ya vikundi vya wanafunzi. Uwanja mzima hujaa meza, kila meza ina watu wake: wanaocheza chesi, wanaorusha roketi, waimbaji, wanaojitolea magerezani, wapanda milima. Ukijiandikisha kila meza utaletewa barua pepe mpaka uchoke, na hutahudhuria hata kimoja. Chagua viwili. Kimoja kiwe cha watu wa kwenu, chama cha wanafunzi wa Kiafrika au cha Afrika Mashariki, kwa sababu kuna siku utataka kuongea bila kutafsiri kichwani. Cha pili kisiwe na uhusiano wowote na kwenu. Wanafunzi wanaobaki na chama cha Waafrika peke yake hupata faraja, nami siwalaumu, lakini humaliza miaka minne bila kuijua nchi waliyoishi. Anayekikimbia kabisa naye huishiwa pumzi ifikapo Novemba.

Kama unacheza kandanda, ligi za ndani za chuo hufunga usajili mapema Septemba. Kuna timu za wanaume, za wanawake na za mchanganyiko, na kiwango cha nyingi ni cha kujifurahisha. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kupata marafiki kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamkwama. Waislamu watakuta chama chao karibu kila chuo kikubwa. Chama cha kitaifa cha wanafunzi wa Kiislamu kilianzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign. Kitakuonyesha chumba cha sala, mahali pa chakula halali, na namna ya kumwomba profesa nafasi ya Ijumaa. Makanisa nayo hutuma gari bwenini Jumapili.

Vyuo kadhaa hufundisha Kiswahili, miongoni mwao Wisconsin–Madison, Indiana ya Bloomington na Ohio ya Athens. Kama chako kimo, kajitambulishe kwa idara wiki ya kwanza. Wanafunzi wao hutafuta mtu wa kuzungumza naye, mara nyingine kwa malipo, na walimu kutoka Kenya na Tanzania huletwa huko kwa mpango wa Fulbright. Usione uko peke yako: tangu mwaka 1959, ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya ilipowafikisha New York wanafunzi 81 kutoka Nairobi, na mwaka 1960 Mkenya Wangari Maathai alipoanza masomo Atchison, mji mdogo wa Kansas, miji mingi ya vyuo imepata watu wetu wa kudumu. Mtafute mmoja aliyekutangulia. Atajua duka lenye unga wa sembe, na atakwambia kwamba majani ya collard yanayouzwa madukani ndiyo jamaa wa karibu wa sukuma wiki.

Ukipika bwenini, washa feni na fungua dirisha. Vitunguu vikiungua kidogo king'ora hulia na jengo zima hutoka nje, saa tano za usiku, kwenye baridi.

Bwenini, wiki za mwanzo acha mlango wazi unapokuwa chumbani. Mmarekani atakuuliza hali yako huku anaendelea kutembea. Hiyo ni salamu tu, kama "mambo", wala hajakudharau. Wewe ndiye utakayelazimika kusema, "Twende tule pamoja." Wataitikia zaidi ya unavyotarajia, kwa sababu na wao wengi ndiyo mara yao ya kwanza kulala mbali na mama zao. Kufikia katikati ya Oktoba makundi ya chakula yamekwisha kujipanga, na kuingia ni kugumu zaidi, ingawa hakujashindikana.

Halafu kuna Jumamosi za mpira wa Kimarekani. Nenda hata mara moja. Kanuni inayotosha kukufanya ufuatilie ni hii: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huhama. Uwanja wa Michigan, Ann Arbor, hukalisha zaidi ya watu 107,000. Madison, kati ya robo ya tatu na ya nne, jukwaa zima huruka kwa wimbo wa "Jump Around", desturi iliyoanza mwaka 1998. Kabla ya mchezo watu hupika nyama kwenye maegesho ya magari na kukaribisha wapita njia. Wiki moja ya vuli hutengwa kwa wahitimu wa zamani kurudi chuoni, na huo ni wakati mzuri wa kuwauliza watu wazima wanafanya kazi gani na waliipataje. Maonyesho ya ajira nayo huwa Septemba au Oktoba. Nenda hata ukiwa mwaka wa kwanza, ujifunze kusalimiana na mwajiri, ingawa mafunzo ya kazi nje ya chuo kwa kawaida yatakubidi usubiri mwaka mzima wa masomo.

Mambo matatu ya sheria, nayasema kwa uzito. Vuli ni msimu wa uchaguzi, na utakutana na vijana wakarimu mlangoni mwa maktaba wakiuliza kama umejiandikisha kupiga kura. Jibu kwamba wewe si raia, na usisaini chochote. Fomu ya kujiandikisha kupiga kura huweza pia kutolewa unapoomba leseni ya udereva. Asiye raia akipiga kura, au akidai ni raia ili ajiandikishe, anaweza kufukuzwa nchini. Pili, pombe ni kuanzia miaka 21, na kuendesha gari umelewa kunaweza kukufutia viza. Tatu, bangi imeruhusiwa katika majimbo mengi lakini sheria ya serikali kuu bado inaikataza, na viza yako ni ya serikali kuu.

Novemba

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Kwa aliye Madison, tofauti na Dar es Salaam au Nairobi inatoka saa nane kuwa tisa, basi wajulishe nyumbani. Kwa mtu aliyezoea jua kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kuona giza kabla ya saa kumi na moja jioni si jambo dogo. Wengi hulala kupita kiasi, hukosa hamu ya chakula, huanza kukosa madarasa. Hiyo si laana wala uvivu. Tembea nje saa sita mchana hata kama ni baridi, endelea na mazoezi, kaa maktaba karibu na dirisha. Hali ikizidi, vyuo vina washauri nasaha, na wanachozungumza nawe ni siri. Fikra za kujidhuru zikija, namba 988 hupokewa saa 24, kwa simu au ujumbe.

Koti usinunue Kariakoo wala Gikomba kabla ya safari, halitahimili. Nenda duka la mitumba la mjini mwishoni mwa Septemba, kabla baridi haijaleta foleni, ukatafute koti zito, viatu visivyopitisha maji na sweta mbili za kuvaa moja juu ya nyingine. Utabiri wa hali ya hewa husomwa kwa Farenihaiti: 50 ni nyuzi 10 zetu, na 32 ndipo maji yanapoganda.

Sikukuu ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Kumbi za chakula hufungwa na baadhi ya mabweni pia, kwa hiyo ulizia mapema Novemba kama utaruhusiwa kubaki. Familia ikikualika, kubali. Peleka zawadi ndogo, kahawa ya Moshi au kikoi, waambie mapema usichokula, na baada ya mlo saidia kuosha vyombo.

Desemba

Ratiba ya mitihani ya mwisho hutolewa mapema, mara nyingi kabla muhula haujaanza. Itazame kabla hujanunua tiketi ya kwenda popote, kwa sababu profesa hahamishi mtihani kwa ajili ya ndege. Kozi za muhula ujao huchaguliwa Novemba, na kama una deni la ada mfumo utakuzuia. Lipunguze kabla siku yako ya kuchagua haijafika.

Mtihani wa mwisho ukiisha, rudisha vitabu ulivyokodi, la sivyo kadi yako itakatwa bei nzima. Kama unasafiri nje ya Marekani, hakikisha I-20 ina saini ya ruhusa ya kusafiri ambayo haijapita mwaka, na kwamba viza iliyo ndani ya pasipoti bado haijaisha. Hati hizo zisiende kwenye sanduku kubwa. Ziweke kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu ofisa wa uhamiaji atazitaka kabla hujaliona sanduku lako.